Nilisema Romansieri, Tate Akasikia Roma

Juzi nilishuka sokoni Mulongwe kutafuta ndagala, dagaa wa ziwa letu, nikapita kwa msichana mmoja anayeuza karanga. Nikanunua za kula njiani. Akanipa ndani ya kisashe kidogo cha plastiki, amekikaza fundo juu. Nikabaki nimesimama pale, nimekishika.

"Mudada, iko kitu?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna kitu. Lakini wewe, rafiki yangu, siwezi kukudanganya: kitu kilikuwepo. Nilikuwa ninatafuta maneno. Mikono yangu imejua toka utotoni kwamba karanga zikiisha unafungua karatasi, unainyoosha juu ya goti, unasoma. Sashe ya plastiki, hata uinyooshe namna gani, inakuonyesha goti lako tu.

Basi nikarudi nyumbani nikila polepole, na njia nzima nilikuwa na umri wa miaka kumi.

Wakati ule nilikaa hukohuko Mulongwe, karibu na mto, pamoja na Tate. Tate ndivyo tunavyomwita bibi au babu kwetu, na huyu wangu alikuwa mama wa mama yangu. Mama mwenyewe alivuka mpaka kwenda Bujumbura kutafuta kazi nikiwa bado ninaota meno. Mwanzoni alituma nguo na sabuni, kisha tukasikia yuko mbali zaidi, kisha hatukusikia. Tate hakuliongea jambo hilo. Ila kila akisonga bugali alitoa tonge moja zaidi ya yale yetu, akaliweka kwenye kisahani na kulifunika. Asubuhi mimi ndiye niliyelila na chai, na wala sikuuliza lilikuwa la nani. Mtoto akikuta tonge haulizi.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya mama wa karanga. Huyo alikuwa mnene wa kicheko, mwembamba wa mwili, na rozari haikutoka shingoni mwake hata akifua. Karanga alizikaanga ndani ya mchanga wa ziwa, kwenye sufuria kubwa iliyotoboka sikio moja. Mchanga unapata moto, unapiga kelele ya kunong'ona, shaa, shaa, shaa, halafu anazichekecha kwenye chujio, mchanga unarudi sufuriani na karanga zinabaki zimeng'aa. Harufu ile ilivuka ua wetu kama saa kumi hivi, nikitoka shule, na miguu yangu haikungoja ruhusa. Kazi yangu ilikuwa kukunja karatasi kuwa pembe: unazungusha, unabana ncha, unaingiza kidole ndani kupima kama itashika.

Karatasi alizinunua kwa watu waliosafisha stoo za zamani. Zilikuja za kila namna: mitihani ya watu wasiojulikana, nyimbo za kanisa, bei za mashine, vitabu vilivyopoteza magamba. Mama wa karanga alisoma hadi mwaka wa tatu wa sekondari, akaachia pale mtoto wake wa kwanza alipokuja. Kifaransa kikabaki naye kama nguo ya arusi ndani ya sanduku. Saa kumi alikitoa, akakipunga hewa kidogo, akakirudisha. Alikuwa na sheria moja: ukurasa haufungi karanga kabla haujasomwa. "Hatuuzi maneno yenye hatukuonja," alisema. Basi yeye anasoma kwa Kifaransa, ananigeuzia kwa Kiswahili, mimi ninakunja, na karanga zinaingia.

Ndivyo alivyokuja kwetu yule mama wa Amerika.

Kitabu chake kilifika bila gamba na bila ukurasa wenye jina. Hadithi yenyewe haikuwepo, panya au watu walikuwa wameshaichukua. Kilichobaki ni karatasi za mbele tu, zilizoeleza maisha ya aliyekiandika: alikozaliwa, kazi alizofanya, nani alimpenda na nani alimuacha. Jina lake halikuandikwa mahali popote tena. Kila mara waliandika tu "la romancière américaine", mwandishi wa riwaya wa Amerika, ndivyo ninavyojua leo. Lakini siku ile mama wa karanga alilisoma neno mara mbili, akajikuna chini ya kitambaa cha kichwa.

"Roman-sieri," akasema. "Roman. Roma. Aa! Njo Muroma! Ni Muroma wa Amerika, mutoto wangu!" Na akaibusu rozari yake.

Usimcheke. Kwetu Wakatoliki huitwa watu wa Roma, na yeye alikuwa mmoja wao, na alifurahi kumkuta ndugu katika karatasi za kufungia. Kwa hiyo ikawa hivyo: romansieri ni mwanamke wa Roma, aina fulani ya sista, ya Amerika. Mimi nilikuwa Mprotestanti wa kanisa la Tate, lakini nani alijali? Nilitaka kusikia.

Alisoma karatasi moja kwa siku, sababu hakutaka kukimaliza haraka, kisha ikakunjwa ikauzwa. Maisha ya mama yule yaliliwa na Mulongwe nzima, karatasi kwa karatasi. Nilijua kwamba alizaliwa kando ya ziwa kubwa ambalo wakati wa baridi linakuwa gumu, watu wanatembea juu yake. Nilijua kwamba mama yake alikuwa anapiga pasi mashati ya watu wengine, na baba hakuwepo. Msichana alipokua alipanda treni akaenda mji mkubwa, akapata kazi kiwandani ya kushona vifungo. Kila shati ilikunjwa juu ya karatoni, na yeye aliokota karatoni zilizoharibika akaandika juu yake, saa ya kula, wengine wakila. Msimamizi alimkuta, akayasoma kwa sauti mbele ya wote ili wamcheke. Wakacheka kweli. Kesho yake wakamuuliza: na baadaye ikawaje?

Karatasi nyingine ilimleta mume, mchoraji wa maandishi ya juu ya maduka. Alimpenda, akamchorea jina lake kubwa ukutani kwa rangi ya njano. Lakini karatoni zilijaa chumba hadi chini ya kitanda, mume akachoka kulala juu ya maneno, akaondoka na brashi zake.

"Mama," nikauliza, "sista anaolewa?"

Mama wa karanga aliinua macho, akafikiri kwa uaminifu. "Amerika ni mbali sana," akajibu. "Huko hata masista banaolewa."

Jioni niliyapeleka yote nyumbani. Tate alikuwa anachambua sombe, yale majani ya muhogo, au anapeta unga, amenipa mgongo, na nilijua anasikiliza kwa sababu mikono ilipunguza mwendo. Nilipomwambia habari za ziwa gumu, alijibu bila kugeuka: "Kutembea juu ya maji, minye nilisikia iko Mumoja tu." Lakini kesho yake alikuwa wa kwanza kuuliza, "Na ule mama wako wa pasi?" Sio msichana aliyemuulizia, ila mama wa pasi. Mimi nilidhani Tate anachanganya.

Siku moja karatasi ilisema kwamba kitabu chake cha kwanza, baada ya kurudishwa na kila aliyekipokea, hatimaye kilichapwa. Sio watu wengi walikinunua. Lakini alikikuta kwenye dirisha la duka, akasimama mbele yake na koti lake la kiwandani, mvua ikamnyeshea hakusikia. Karatasi iliyofuata ikaleta barua kutoka kwa mama yake: nyumba imekuwa kubwa kwangu peke yangu, ukipata nafasi uje. Mama wa karanga alifika chini kabisa, ambapo sentensi mpya ilianza kwa maneno mawili tu, mengine yakaangukia karatasi iliyofuata. "Elle prit..."

"Alikamata..." akasema mama wa karanga.

"Alikamata nini?"

"Kesho," akasema, na akachota karanga. Ndivyo alivyokuwa. Alipenda kuniona nikiumia.

Nilirudi nyumbani nikiruka. Moyo ulinijaa, na mtu mwenye moyo uliojaa hasemi kwa mpango. Tate alikuwa ameinama juu ya moto. Nikamwambia:

"Tate, minye nikikomala nataka kuwa romansieri, sawa ule Muroma wa Amerika."

Mwiko ukasimama ndani ya bugali.

"Unasema nini, weye?"

"Romansieri. Anaondoka kwao, anapanda treni..."

"Roma?" Tate alisema kwa sauti ndogo sana. "Unataka kwenda kwa Roma? Kuwa sista? Na usirudie?"

Nilifikiri atapiga kelele. Afadhali angepiga. Aliketi chini palepale majivuni na kitenge chake kizuri, akajifunika uso, na bugali ikaanza kunuka. Sikuwahi kumuona Tate akiacha chakula kiungue. Kisha akainuka na kutoa neno moja: kwa jirani nisikanyage tena.

Siku tatu! Unazijua siku tatu za mtoto? Saa kumi harufu ilivuka ua, nami nilikaa ndani na madaftari yangu nikisikia shaa, shaa, shaa, na yule mama wa Amerika amesimama na mkono mbele, amekamata kitu nisichokijua. Wamama wa kanisa walikuja wakaniwekea mikono kichwani. Mmoja aliomba kwa nguvu hadi kilemba kikamwanguka: "Bwana, mutoto huyu umutoe mu treni!" Tate hakusema amina. Alikuwa anatazama kisahani kilichofunikwa.

Siku ya nne aliamka mapema, akavaa viatu vya Jumapili, akatoka. Yeye mwenyewe alinieleza baadaye, nilipokuwa mkubwa, akicheka hadi machozi. Alikwenda kwa masista! Mprotestanti wa toka kuzaliwa, alipiga hodi kwenye mlango wa watu wa Roma, akamwambia sista mmoja mzee aliyekuwa anamwagilia vitunguu:

"Mutoto wangu mumuachilie. Iko mumoja tu. Mama yake alikwenda hakurudia. Na huyu mukimukamata, minye nitabaki na nani?"

Sista hakuelewa. Walizunguka neno lile kama kuku anayezunguka shimo, hadi Tate akalitamka lote, romansieri, na sista akaweka chini kopo la maji, akacheka, akamshika mabega.

"Mama, romansieri hapana sista. Ni muntu wa kuandika hadisi mu kitabu. Hata minye siko romansieri."

Tate akapumua. Halafu, kwa vile alikuwa Tate, akakunja uso tena. "Hadisi ya kweli?"

"Ya kutunga."

"Basi ni muntu wa bongo, muntu wa kudanganya! Afazali sista!"

"Mama," sista akamwambia, "ile hadisi ya mwana mupotevu mu Injili, nyumba ya baba yake ilikuwa namba ngapi? Avenue gani?"

Tate aliniambia kwamba alitafuta jibu toka pale hadi darajani, hakulipata. Alirudi nyumbani na vitunguu vya masista mkono mmoja na kaye mpya mkono wa pili, daftari la mistari ambalo sista alimpa. Akaitupa juu ya mapaja yangu kama mtu anayelipia kosa lakini hataki kulitaja.

"Enda kwa jirani," akasema. "Umuulize alikamata nini."

Nilikimbia. Lakini rafiki yangu, karatasi ilikuwa imeuzwa. Mama wa karanga hakuisoma. Siku zile tatu, aliniambia, alivunja sheria yake. "Nisomee nani? Nisomee sufuria?" Kitabu chote kiliisha bila mtu kukionja, kikaenda na wanunuzi wa karanga, huyu kwenda bandarini, huyu kwenda kituo cha magari, mwingine kumpelekea mtoto mgonjwa. Tuliangalia hata chini, kwenye maganda. Hakuna. Alinishika kichwa akakiweka tumboni kwake, na kwa mara ya kwanza nikasikia kicheko chake kikiwa hakipo.

"Kifaransa, mutoto wangu, kinakamata bintu yote," alinifariji. "Wanakamata treni. Wanakamata chakula, wanakamata kalamu. Hata woga, wanaukamata. Hatutajua."

Nilipomwambia Tate, alikaa juu ya kiti chake kidogo. Kisha akaanza kuuliza. Aliuliza jioni ile, na kesho yake, na kesho kutwa, akichambua, akipepeta, akiniosha miguu: "Kwa hiyo hatujui kama alirudia?" Na nilianza kuona, polepole kama mtoto anavyoona, kwamba Tate hakuwa ameuliza habari za Amerika hata siku moja.

Kwa hiyo nilichukua kaye. Siku nyingi niliuma kalamu. Halafu nikaandika, kwa Kiswahili chetu: Alikamata treni.

Nilimsomea Tate Jumapili baada ya ibada, tumekaa nje, miguu yetu juani. Nilimpandisha mama wa Amerika ndani ya treni, nikamlisha mikate, nikampitisha milima kama ya Mulenge yenye ng'ombe, maana sikuijua mingine. Nikamteremsha kando ya ziwa gumu. Akatembea hadi nyumbani, akafungua mlango. Mama yake alikuwa anapiga pasi shati. Akamwambia, karibu mwanangu. Akaendelea kupiga pasi.

"Hapana," Tate akasema.

"Hapana nini, Tate?"

"Mutoto akirudia, mama haendelee na pasi. Anaiachilia. Hata hajue kama ameiachilia. Ile shati inaungua, inatoboka, mwenye shati atakuja kupiga kelele. Andika, inaungua."

Niliandika: shati ikaungua. Tate akafunga macho. Nikaendelea kusoma hadi mwisho, wamekaa wote wawili mezani wanakula, moshi haujatoka bado ndani ya nyumba. Nilipomaliza niliogopa kumtazama. Kuku walipita mbele yetu. Upande wa pili wa ua mama wa karanga alikuwa amesimamisha chujio, naye anasikiliza.

"Ile mwisho umeitunga weye," Tate akasema.

"Ndiyo, Tate."

"Nilijua." Akanivuta nikalala kwenye mapaja yake, akaanza kunifumua nywele ingawa hazikuwa na haja ya kufumuliwa. "Sasa uandike na ya mama yako."

Nilimuahidi. Nilikuwa na miaka kumi, ningemuahidi hata ziwa.

Tangu siku ile hakuna aliyeniombea tena nishuke treni. Mama wa karanga alinitunzia kila karatasi yenye upande mweupe, na watu wa Mulongwe walilalamika kwamba pembe zake zimekuwa ndogo. Tate aliwaambia wamama wa kanisa, kwa majivuno ambayo hakuyaungama, "Wangu ni romansieri. Hapana Roma. Mutafute maana."

Tate alituacha nilipokuwa karibu kumaliza sekondari, nami nikaachia pale. Baadaye mto ulikuja na mawe ya mlimani na kuchukua kile ulichotaka: nyumba ya mama wa karanga, sufuria yake ya sikio moja, ua wote, ukuta wetu, mlango wetu. Mama wa karanga alihamia kwa mtoto wake mkubwa, mbali, na hakaangi tena, anasema mikono imechoka. Pale tulipokaa, leo ni mawe matupu; ukisimama huwezi kuonyesha kwa kidole kwamba hapa palikuwa jiko, hapa palikuwa kitanda. Mimi ninakaa mtaa wa Nyamianda, ninashona mashuka na mapazia, na asubuhi kabla ya cherehani ninaandika. Nimeshajaza kaye nyingi. Ninaota kwamba siku moja zitakuwa kitabu, ndiyo, ninaota mchana kweupe, watu wa kwetu wananijua.

Ile ya mama nimeianza mara nyingi. Ninaijua vizuri hadi katikati. Ninaweza kumvusha mpaka wa Kavimvira na mizigo yake, nikampa viatu vizuri, nikamfundisha jina langu kama amelisahau, nikamleta kwa miguu kufuata mto hadi Mulongwe. Kila mara ninafika pale na kalamu inasimama. Maana ninataka afungue mlango, na mtu aliye ndani aachilie alichokishika. Na mlango haupo, na mtu huyo ndiye Tate. Mimi sikuwahi kungoja kama yeye alivyongoja. Mimi nilikula tu lile tonge alilomwekea mama. Basi ninabaki nimemsimamisha mama yangu juu ya mawe, na mzigo wake kichwani, anatazama huku na huku, na sijui nimwandikie nani wa kumkaribisha.